Reims kwa siku moja ukitokea Paris: anzia chini ya ardhi, kanisa kuu liache alasiri

Ndugu na jamaa wakifika Paris kutoka Dar, Mombasa au Muscat na kuniuliza mji gani mwingine wauone, jibu langu ni Reims. Ndiko walikotawazwa wafalme wengi wa Ufaransa, na ndiko kwenye shampeni. Watalii wengi wakishuka kwenye treni hukimbilia kanisa kuu. Mimi huanza upande wa pili. Ukuta wa mbele wa kanisa lile unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini na sanamu zake zimefifia. Alasiri jua linaupiga usoni. Ratiba hii yote nimeipanga kwa ajili ya jua hilo.

Hatua ya 1: Tiketi

Treni ya kasi, TGV, inaondoka kituo cha Gare de l'Est na kukufikisha kwa dakika 45 hivi. Panda ya saa mbili asubuhi. Nunua mapema, maana bei hupanda kadiri siku inavyosogea. Na usome vizuri jina la kituo: kipo Reims, katikati ya mji, na kipo Champagne-Ardenne TGV, nje kabisa ya mji. Ukijikuta umeshukia hicho cha pili, panda tramu ikupeleke mjini.

Hatua ya 2: Nafasi ya kushuka kwenye mapango

Hii ifanye hata kabla ya tiketi. Makampuni ya shampeni ya Taittinger, Pommery, Veuve Clicquot na Ruinart yote yana mapango ya kuhifadhia shampeni upande wa kusini-mashariki mwa mji, na wageni hupangiwa saa. Jumamosi hujaa upesi. Omba ziara ya saa nne au saa tano asubuhi, na chagua lugha unayoielewa. Chukua sweta hata kama ni Agosti, kwani huko chini joto ni nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Kama unaenda na mzee mwenye magoti mabovu, ulizia ngazi kwanza: Pommery peke yake ina vidato 116, na ulivyoshuka ndivyo utakavyopanda.

Hatua ya 3: Ukiwa chini

Mapango mengi ya hapa yalikuwa machimbo ya chaki ya zamani. Mdomo wa juu ni mwembamba, na kadiri unavyoshuka ndivyo shimo linavyotanuka. Simama katikati utazame juu: mwanga unaingia kwa tundu moja tu, na kwenye kuta bado zipo alama za sururu.

Mwongozaji atakueleza mapovu yanatoka wapi. Divai hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha inazibwa. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, na hewa haina pa kutokea. Shampeni ya kawaida hukaa miezi isiyopungua 15. Ile ya mavuno ya mwaka mmoja, miaka mitatu. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yashuke shingoni. Shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, na donge la mashapo linaruka lenyewe. Asiyekunywa asiogope: kuonja huja mwishoni, na halazimishwi mtu.

Hatua ya 4: Saint-Remi, na askari wa Afrika

Karibu na hapo kuna basilika ya Saint-Remi, lenye kaburi la askofu aliyembatiza Clovis, mfalme wa Wafaranki. Nusu saa inatosha.

Nusu saa nyingine ipeleke Parc de Champagne, ambako watalii wengi hawafiki. Kuna mnara wa askari weusi waliopigana kuulinda mji huu mwaka 1918. Ulijengwa 1924, Wajerumani wakaung'oa 1940, ukarudishwa 2013. Pacha wake uko Bamako, Mali.

Hatua ya 5: Chakula

Rudi katikati ya mji. Mtaa wa Drouet d'Erlon umejaa mikahawa, bei za kitalii. Jihadhari na jambon de Reims, ni nguruwe. Nunua biskuti za rangi ya waridi, ngumu kama mbao. Wenyeji huzichovya kwenye shampeni, nami huzichovya kwenye chai ya maziwa.

Hatua ya 6: Kanisa kuu, kuanzia saa tisa

Kuingia ni bure. Lakini usiingie kwanza. Mlango wa kushoto, ukiutazama ukuta, ndiko aliko Malaika wa Tabasamu. Wengi humpiga picha Gabrieli wa mlango wa kati, ambaye naye anatabasamu, wakaondoka wakidhani wamemaliza. Yule wa kushoto alivunjika kichwa Septemba 1914, mizinga ya Wajerumani ilipoliwasha kanisa moto, akarudishiwa 1926.

Ndani, watu wote hutembea moja kwa moja kuelekea madhabahuni. Wewe geuka nyuma. Ukuta wa ndani wa mlango mkuu una sanamu kutoka chini hadi juu, kila moja kwenye kijumba chake, na alasiri dirisha la duara lililo juu yake linawaka nyekundu na buluu. Kisha nenda hadi mwisho kabisa ukaone vioo vya Marc Chagall vya mwaka 1974. Hivyo hupendeza zaidi asubuhi. Ukilala Reims, virudie kesho yake.

Hatua ya 7: Kabla ya treni

Nyuma ya kituo kuna shule ambako Jenerali Alfred Jodl wa Ujerumani alitia saini ya kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945, saa nane na dakika 41 usiku. Chumba chenyewe ni makumbusho, na ramani za vita bado ziko ukutani. Ukichelewa utakuta kimefungwa, kwa hiyo anayependa historia ya vita apunguze muda wa chakula. Épernay, mji mwingine wa shampeni, usiichanganye na siku hii.