Kuitia Ufunguo Saa ya Mkono Isiyotumia Betri

Nguvu za saa hii hutoka kwa kamani, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo, ambao ukijikunjua husukuma magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mizani, linalokwenda huku na huku na kuachilia jino moja baada ya jingine. Huo ndio mlio uusikiao. Katika saa nyingi za leo ni midundo 28,800 kila saa moja.

Ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono, ivue kwanza, kisha uzungushe kitufe cha pembeni taratibu kila asubuhi hadi kigome. Hapo koma, usikilazimishe.

Ya kujitia yenyewe ina kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na hivyo kuikunja kamani. Mwendesha bodaboda wa Kondele ataijaza bila kujua. Karani wa Kisumu aliyeivua Ijumaa jioni huenda akaikuta imesimama Jumatatu, kwa kuwa nyingi hudumu saa 40 hivi. Ikisimama, zungusha kitufe mara 20 hadi 30 ndipo uivae, wala usingoje kigome, maana kamani yake ikijaa huteleza ndani ya pipa. Tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku: meno ya kalenda huwa yameshikana, na huweza kuvunjika.