Kumvisha mtoto roboti ya kutembelea, kuanzia tepu hadi soksi

Mashine hizi, zinazofungwa miguuni na kumpigisha hatua mtoto asiyeweza kutembea vizuri, ni chache mno hapa Uganda. Mtoto akibahatika kupata zamu, muda wake usiishie kwenye kufunga na kufungua mikanda. Nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia, na wazazi wanaokaa pembeni wakitutazama.

Hatua ya 1: Mchunguze kabla ya kuwasha chochote. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, taka eksirei ya nyonga, maana nyonga inaweza kuchomoka polepole bila kelele. Goti lililokakamaa lisinyooke, au kifafa ambacho hakijatulia, msubirishe. Uliza pia kama dawa ya kifafa ameinywa leo. Waliodaka teksi ya alfajiri huisahau nyumbani.

Hatua ya 2: Pima. Tepu ya fundi cherehani yatosha. Mlaze chali, upime kutoka kwenye mfupa unaochomoza ubavuni mwa nyonga hadi mstari wa goti, kisha goti hadi chini ya kiatu. Pima miguu yote miwili, kwani ulioathirika zaidi mara nyingi huwa mfupi. Kila mashine ina mipaka yake: Lokomat ya watoto, ya Hocoma ya Uswisi, hupokea paja la sentimita 21 hadi 35. Trexo ya Kanada yenyewe ni miguu ya roboti inayofungwa kwenye fremu ya kutembelea.

Tia alama ya kalamu kwenye goti, kwa sababu bawaba ya mashine lazima ikae hapo hapo. Ikipishana, mkanda unasugua ngozi kila mtoto anapopiga hatua. Mimi niliwahi kukadiria kwa macho. Binti mmoja wa mji wa Bombo, hasemi. Mama yake akaniambia, "Musawo (yaani daktari), mbona anauma mdomo?" Nikamjibu anajikaza tu. Kuvua mkanda, nyuma ya goti pana alama nyekundu, upana wa kidole. Wiki nzima hakutembea. Tangu siku hiyo, kila mtoto na mimi tunapatana kwanza ishara ya "simama": kufumba macho, kufinya kidole, chochote anachokiweza.

Hatua ya 3: Mvishe nepi mpya na soksi ndefu zisizo na mshono. Funga kiuno, halafu mapaja, miguu mwisho. Kidole chako kipite chini ya mkanda.

Hatua ya 4: Jua kitufe cha kuzimia mashine kilipo, na jinsi ya kumtoa mtoto kwa mikono umeme ukikatika. Sisi hufanya mazoezi kwa gunia la posho, yaani unga wa mahindi, badala ya mtoto. Wanacheka, lakini mikono inazoea.

Hatua ya 5: Anza miguu ikiwa hewani, uone misuli inavyokaza. Mshushe taratibu mpaka visigino viguse, mashine ikibeba karibu nusu ya uzito wake. Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha. Mashine ikisimama yenyewe, usiilazimishe: kunja nyonga na goti polepole, subiri misuli ilegee. Akizoea, punguza msaada wa mota. Ikimfanyia kila kitu, atasinzia. Nimeshuhudia mmoja akikoroma. Mwite dada yake asimame mbele na mpira.

Hatua ya 6: Vua soksi, mama aone ngozi mwenyewe. Wekundu usipoondoka baada ya nusu saa, kesho hakuna roboti. Rudi kwenye tepu.