Bastola kwa mkono mmoja: somo kwa wenye leseni

Swali hili linarudi kila wiki: "Nikiwa nimembeba mtoto, au mkono mmoja umeumia, nitaitumiaje bastola?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Somo ni la wenye leseni hapa Kenya ambao tayari wanapiga shabaha vizuri kwa mikono miwili. Kama bado, anzia huko.

1. Hatua ya 1 hadi ya 7 ni za nyumbani, bila risasi halisi. Toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), tazama chemba (tundu inamokaa risasi), kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zikae chumba kingine.

2. Elekeza mtutu kwenye ukuta wa mawe. Mabati na mbao havizuii risasi.

3. Mguu wa upande wa bastola utangulie, magoti yalegee, kifua kiegemee mbele.

4. Mkono wa pili ufumbe ngumi na uubane kifuani. Ukining'inia utayumbisha mwili, na ukishtuka utajikuta umeupitisha mbele ya mtutu.

5. Shika kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Ukiona kiwiko kinakaza vibaya, inamisha bastola kidogo upande wa ndani. Kidogo tu.

6. Weka sarafu ya shilingi tano juu ya slaidi, nyuma ya kilengeo cha mbele. Vuta kifyatulio bila kuiangusha. Fanya hivyo kulia, halafu kushoto. Sarafu ikianguka, vidole vingine vinajikunja pamoja na kile kinachofyatua. Ndiyo maana anayetumia kulia risasi zake hushuka kushoto, na wa kushoto zikashuka kulia.

7. Kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie chemba, kwa mkono mmoja. Hapa ndipo watu wanapojiumiza, kwa hiyo soma polepole. Unanasa kilengeo cha nyuma kwenye mkanda mgumu wa ngozi au ukingo wa holsta (mfuko wa bastola), unasukuma bastola chini kwa nguvu, slaidi inarudi nyuma. Hatari ni kwamba mtutu uko karibu na paja lako, na mkono unaosukuma kwa nguvu hukunja vidole vyote. Kidole cha kufyatulia kikae juu ya fremu (mwili wa bastola chini ya slaidi), kimenyooka, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtutu utazame chini na nje ya mguu, kamwe usielekee tumboni. Tumia risasi bandia pekee. Risasi halisi hapa ni kwenye uwanja wa shabaha tu, mwalimu akiwa kando yako. Kama kilengeo chako kimechongwa mteremko, kitateleza, usilazimishe.

8. Uwanjani anza mita tatu, risasi chache, taratibu. Matundu ya risasi yakikusanyika ndani ya eneo la ukubwa wa kiganja, sogea hadi tano, kisha saba.

MASWALI

– Nikiwa makini, naweza kufanya nyumbani na risasi ndani?

Hapana. Rudi hatua ya 1.

– Lakini mimi nina uzoefu wa miaka mingi.

Jibu ni lile lile.

– Ndugu, nikitumia kushoto ganda la risasi iliyopigwa linakwama kwenye slaidi, kulia halikwami. Bastola ni mbovu?

Swali zuri sana. Huenda si mbovu. Slaidi hurudi nyuma vizuri pale fremu inaposhikiliwa imara. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea na ganda halitoki. Kaza kifundo, jaribu tena uwanjani. Likiendelea kukwama hata kulia, mpelekee fundi mwenye leseni.

– Kitufe cha kutoa magazini kiko upande wa kidole gumba cha kulia. Kushoto nafanyaje?

Kibonyeze kwa kidole cha shahada, dada. Faida yake ni kwamba wakati huo kidole hakiwezi kuwa kwenye kifyatulio.

– Na tochi? Stima hupotea sana kwetu.

Hiyo ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya kubaki na mkono mmoja, kuliko jeraha. Shika tochi kando ya shingo, chini ya taya, mwanga ufuate macho. Nunua yenye swichi mkiani ubonyeze kwa gumba. Tambua mtu kwanza. Anaweza kuwa mwanao ameamka kunywa maji.

– Nimembeba mtoto, mwizi yuko mlangoni. Nipige?

Kama kuna njia ya kutoka, toka na mtoto. Sheria itakuuliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari.

– Mkanda wa kitambaa unafaa kwa hatua ya 7?

Unalegea. Tumia ngozi nene.