Soksi ya joto ya waya kwenye injini: navyoivisha mimi, na pale ambapo naikataa

Naanza na gari iliyonifundisha adabu. Noah ile ya zamani, ambayo injini iko chini ya siti za mbele, ililetwa gereji kwetu Tabata waya wa alteneta (mashine inayochaji betri) umeungua ganda. Nikachungulia, nikaona waya unapita karibu na ekzosi, nikasema hii kesi nyepesi, nikapiga tepu pale palipoungua, nikauvisha soksi nzuri ya fiberglasi (mfuko mrefu mwembamba wa nyuzi za glasi, unavishwa waya kuukinga na joto), hela nikapokea, tukaagana vizuri tu. Wiki mbili hazijaisha jamaa karudi, gari inanuka plastiki ndani hadi abiria wanafungua vioo. Nafungua, soksi kwa nje safi kabisa haijabadilika hata rangi, ila ukiibonyeza inabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ganda la waya limeyeyuka mle ndani kuanzia kwenye teminali (kichwa cha chuma pale waya unapofungwa) kama shubiri nzima. Kumbe joto halikutoka kwenye ekzosi. Teminali pale kwenye alteneta ilikuwa imelegea na imeota ukijani, umeme unapita kwa shida, panachemka, na mimi nikaja nikapavalisha koti.

Soksi haipoozi kitu jamani. Ni kama chupa ya chai, ukiweka chai inatunza moto, ukiweka maji ya barafu inatunza baridi, yenyewe haijui umeweka nini. Joto likitoka nje soksi inalichelewesha kufika kwenye waya, likitoka kwenye waya wenyewe inalizuia kutoka. Ndo maana mimi soksi ni kitu cha mwisho kushika, kuna kazi mbili kabla yake.

Hatua ya 1: jua joto linatoka wapi

Hii fanya kabla hujagusa spana yoyote, injini ikiwa imepoa, na tochi mkononi. Angalia ganda la waya limeharibika vipi. Kama limekauka na kupasuka upande mmoja tu, ule unaotazama ekzosi au manifoldi (chuma kinachopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini), na upande wa pili bado ni laini, hilo ni joto la nje. Kama limelainika kuzunguka waya wote, na hali inazidi kuwa mbaya ukikaribia teminali, hilo ni la ndani, usijidanganye.

Halafu thibitisha na mita, macho peke yake hayatoshi. Weka mita kwenye volti za DC, kwa waya wa stata (mota ya kuwashia injini) unagusa ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri (nguzo yenyewe, sio klempu) na nyingine kwenye bolti ya stata pale waya unapofungwa, halafu mtu apige stata. Unachosoma hapo ni volti zinazopotea njiani. Ikizidi nusu volti kuna tatizo, ni waya mwembamba, au teminali chafu, au imelegea, au nyuzi zimekatikia ndani ya ganda huwezi kuziona. Waya wa alteneta unapimwa hivohivo ila injini inaunguruma, washa taa kubwa, feni na kila kinachokula umeme, na huo unatakiwa upoteze kidogo zaidi, mimi ikifika 0.3 tu naanza kufungua. Na hapa Dar usishangae kukuta ukijani, hewa yetu ya chumvi na unyevu inakula shaba, gari inayolala Kigamboni au Msasani utaona tofauti yake na gari iliyotoka Dodoma juzi.

Ukikuta tatizo la ndani, tibu hilo kwanza. Toa teminali ya hasi ya betri, kisha safisha, kata sehemu iliyoungua, funga teminali mpya, au badilisha waya mzima uweke mnene. Kupiga tepu juu ya ganda lililoyeyuka kama nilivyofanya mimi ni kumzika mtu angali hai.

Hatua ya 2: hamisha waya kama inawezekana

Wateja hawapendi kuilipia hii kwa sababu haina kitu cha kuonyesha, lakini kwa kazi zangu nyingi ndo dawa yenyewe. Kiwandani waya ulifungwa kwa klipu mbali na ekzosi, injini ikashushwa mara moja mara mbili, klipu ikavunjika au fundi akaona uvivu kuirudisha, sasa waya unaning'inia unalalia bomba la moto. Joto la kumulikwa linapungua haraka sana ukiongeza nafasi, sentimita tano tu unazopata kwa klipu mpya zinaweza kuzidi soksi yoyote utakayonunua. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC mwingi unavumilia kati ya nyuzi 70 na 105 za Selsiasi inategemea na aina, na manifoldi ya petroli ikibanwa mlimani inafika mia nne, mia tano na kupita, kwa hiyo waya ukigusa pale ni suala la dakika.

Na usipime gari ikiwa inatembea tu, ukajiridhisha. Gari ikikaa foleni ya Buguruni mchana wa Februari upepo haupiti, na baya zaidi ni ukizima, maji yanasimama, feni inasimama, joto lote la chuma linapanda juu kwa dakika kadhaa. Waya nyingi zinaumia gari ikiwa imepaki.

Imeshindikana kuhamisha? Haya, sasa tuongelee soksi.

Hatua ya 3: chagua soksi, na usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Ukienda Kariakoo au kule Gerezani ukasema nataka soksi ya waya ya kuzuia moto, kuna uwezekano mkubwa ukapewa ile nyeusi inayong'aa ya kufuma inayotanuka, nzuri kwa macho, ukifunga injini inaonekana kama gari la mashindano. Ile ni plastiki ya polista. Inazuia waya kusuguliwa na kuchubuka, kazi hiyo inafanya vizuri, lakini matumizi yake ni hadi kama nyuzi 125 na ikikaribia 250 inayeyuka na kudondoka kama mshumaa. Sio soksi ya joto hata kama muuzaji ataapa.

Za joto zenyewe ninazotumia ni tatu. Ya kwanza fiberglasi iliyofumwa, nyeupe au nyeusi, imepakwa silikoni nyembamba, hii inavumilia mfululizo kama nyuzi 200, ndo ya kazi za kila siku. Glasi yenyewe inaweza zaidi ya 500, ila ule mpako unaungua mapema, ndo maana soksi mpya inaweza kutoa moshi kidogo siku ya kwanza. Ya pili ni ile yenye karatasi ya alumini juu, inang'aa kama foili ya kufungia chakula, kazi yake ni kurudisha joto linalomulika, nzuri mno pembeni ya manifoldi ila lazima iwe na hewa katikati, ukiigusisha na chuma cha moto kung'aa hakuna maana tena, joto linapita kwa kugusana. Halafu alumini inapitisha umeme, iishie mbali na teminali. Ya tatu ni nene, nyekundu ya rangi ya kutu, fiberglasi iliyovikwa mpira wa silikoni, hii ni mfululizo nyuzi 260 na inastahimili moto wa moja kwa moja kwa dakika chache. Ni ghali kuliko hizo nyingine, na ngumu kukunja kona.

Kuna kitu kuhusu hiyo ya tatu sijawahi kusikia mafundi wakikisema. Kwenye magari ya haibridi (yanayotumia petroli na umeme), Aqua na Prius zimejaa mjini, waya za rangi ya chungwa ni za volti kubwa, mamia ya volti, na ile rangi ndo onyo lenyewe. Ukivisha soksi nyekundu-nyekundu kwenye waya wa kawaida wa gari hiyo unamchanganya fundi atakayekuja baada yako, na ukiifunika ile ya chungwa kwa soksi nyeusi unaweza kumuua. Za chungwa usiguse kama hujafundishwa.

Namna ya kujua umepewa nini: omba kipande kidogo, washa kiberiti cha gesi, choma ncha ukiwa umeshika na plaizi. Polista inajikunja, inayeyuka, inadondosha matone, na tone likikudondokea kwenye kidole utanikumbuka. Fiberglasi inatoa moshi kidogo wa mpako, inageuka nyeusi, ila nyuzi zinabaki zimesimama. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kuchoma, toka, maduka yako mengi.

Hatua ya 4: pima

Zungusha uzi kwenye fungu la waya, nyoosha kwenye rula, gawa kwa 3.14. Uzi ukiwa milimita 38 kipenyo ni kama 12, basi nunua soksi ya 14 au 16. Lakini kumbuka soksi lazima ipite kwenye kichwa cha waya, teminali ya stata ni pana kuliko waya wake, na plagi ya sensa ya oksijeni ni pana zaidi, kwa hiyo pima kile kikubwa kuliko vyote. Zilizofumwa zinatanuka kiasi ukizisukuma. Kama plagi haipiti kabisa usikate waya uunge upya kwa ajili ya soksi, tafuta ile iliyopasuliwa kwa urefu ambayo inazungushwa na kufungwa.

Urefu ongeza kama asilimia 15, kwa sababu soksi ikitanuka inafupika. Njia ya sentimita 60, kata 70.

Hatua ya 5: kata bila kujiwashia mwili

Kama teminali ya hasi ya betri bado haijatolewa, itoe sasa kabla ya yote, spana isije ikagusa bodi ukapiga shoti.

Fiberglasi ni glasi kweli, vile vinyuzi vinaingia kwenye ngozi na vinawasha siku nzima. Vaa glavu, shati la mikono mirefu, barakoa na miwani. Zungusha tepu pale unapotaka kukata, kisha kata katikati ya tepu kwa mkasi mkali, bila tepu ncha inafumuka kama ufagio. Mkasi wenyewe utaisha makali haraka, tenga mmoja wa kazi hiyo na usichukue wa mke wako kama nilivyofanya mimi. Vumbi futa kwa kitambaa kilicholowa, usipulize kwa kompresa. Ukiwashwa osha kwa maji ya baridi yanayotiririka bila kusugua.

Polista, kama unaitumia sehemu za baridi, unakata kwa chuma cha kulehemu ili ncha iyeyuke na kujishika. Njia hiyo kwa glasi haifanyi kazi, usipoteze muda.

Hatua ya 6: visha

Futa waya mafuta na vumbi kwanza. Hapa msisitizo: kama kuna oili inavuja juu ya hapo, zuia uvujaji kabla ya kuvisha, kwa sababu soksi ya kufumwa isiyo na mpira inanyonya oili, na soksi iliyolowa oili pembeni ya ekzosi ni utambi wa koroboi, unasubiri moto tu.

Kuvisha, usivute. Ukivuta inabana na kukwama. Isukume kama unavyovaa soksi ya mguuni, inajikusanya, inatanuka, inateleza, unaendelea kidogokidogo kama mnyoo, ukifika mwisho ndo unainyoosha taratibu ikakumbatia waya. Kichwa cha waya kivike tepu kwanza ili kisikwaruze nyuzi.

Usirundike waya nene tatu za umeme mkubwa ndani ya soksi moja, zinapashana joto zenyewe. Na soksi isifunike fyuzi wala kiungo chochote kinachohitaji kuonekana.

Hatua ya 7: funga ncha na ushike

Ncha naziziba kwa mpira unaosinyaa kwa moto kama ziko mbali na joto, na kwa silikoni nyekundu ya gasketi kama ziko karibu. Silikoni ikinuka siki ikae mbali na shaba tupu, ile asidi yake inaila. Ncha moja, ile ya chini, mimi naiacha na upenyo kidogo maji yatoke, maana kipindi cha masika gari linapita kwenye maji na soksi iliyozibwa kote inakaa na unyevu wiki nzima.

Kebo tai za nailoni karibu na ekzosi zinakauka na kukatika, tumia za stenlesi, ila zisikazwe hadi zikate soksi, kingo zake ni kali. Bora zaidi klipu ya chuma yenye mpira, iliyofungwa kwenye bolti. Acha ulegevu kidogo kwa waya unaokwenda kwenye injini, injini inatikisika na bodi haitikisiki vile.

Hatua ya 8: jaribu

Rudisha betri, washa, acha ipate moto kabisa, kisha zungusha mtaani nusu saa, na foleni ukiipata usiikimbie. Rudi, zima, subiri dakika kumi, fungua. Nusa kwanza. Moshi kidogo wa mpako siku ya kwanza ni kawaida, harufu ya plastiki sio kawaida. Kisha rudia kipimo cha volti cha hatua ya 1 waya ukiwa wa moto, namba ikipanda sana kuliko ya mwanzo kuna teminali inalegea.

Wenye mabekari na majiko ya chipsi huwa wananiuliza kama soksi hizihizi zinafaa kwenye waya za oveni. Kule ndani ya oveni waya unashinda kwenye joto saa nane mfululizo, soksi itachelewesha nusu saa halafu waya wa PVC utafika joto lilelile, kwa hiyo kule unabadilisha waya wenyewe uweke wa silikoni au wa fiberglasi, na umwite fundi wa umeme wa majumbani, hiyo ni volti 230 sio 12.

Ile Noah bado inapita hapa. Niliibadilishia waya mzima na teminali bila kumtoza, na soksi nikaitoa, maana nilipoupandisha waya juu kwa klipu mbili ekzosi ikawa mbali, haikuhitajika tena.