Kutambua ndigana na ugonjwa wa kukojoa damu kwa hadubini

Juzi nilimsaidia mfugaji mmoja wa Lushoto ambaye mtamba wake alikuwa amekwisha kuchomwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini mara mbili bila nafuu yoyote, ilhali tezi ya chini ya sikio ilikuwa imevimba kama limao na hakuna aliyeigusa. Tezi ile ilikuwa ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe.

Hatua ya 1. Pima joto na papasa tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega kabla ya dawa yoyote, kwa sababu oksitetrasaiklini huficha Anaplasma, kijidudu cha ndigana baridi, kwenye damu.

Hatua ya 2. Toa damu kwenye ncha ya sikio, si kwenye mshipa wa shingo, na uitandaze kwenye slaidi (kioo cha hadubini), kwa kuwa Babesia bovis, kimelea cha ugonjwa wa kukojoa damu, hujikusanya katika vishipa vidogo. Tezi ikiwa imevimba, ibane kwa vidole, ichome kwa sindano tupu, kisha puliza majimaji yake juu ya slaidi ya pili. Kwangu slaidi hii ya tezi ina thamani kuliko ya damu.

Hatua ya 3. Kausha slaidi kwa kuzipeperusha hewani, mbali na nzi, ambao hulamba damu hadi kioo kikabaki cheupe. Zitie methanoli ili damu ishike kwenye kioo, kisha zipake Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea, ya asilimia 10 kwa dakika 30. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nikihesabu vidoti vya zambarau na kuandika ndigana baridi kwa ng'ombe wanane, kumbe vilikuwa mashapo ya rangi. Tangu hapo huchuja rangi kila asubuhi, huichanganya na maji ya bafa (yenye kiwango cha asidi kisichobadilika) ya pH 7.2 badala ya maji ya bomba, na hulaza slaidi kifudifudi juu ya vijiti ili mashapo yasitue juu ya damu. Ukibaki na shaka, zungusha skrubu ndogo ya hadubini: mashapo huonekana wazi wakati chembe za damu zimefifia, na hupatikana hata pasipo na chembe, lakini Anaplasma marginale hukaa ndani ya chembe nyekundu, karibu na ukingo wake.

Hatua ya 4. Soma kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Babesia bigemina, kimelea kingine cha kukojoa damu, huonekana kama mapeya mawili yaliyoungana kwenye ncha. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, itafute ndani ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) za tezi. Vimelea vichache vya Theileria ndani ya chembe nyekundu pekee havithibitishi ndigana kali, kwani ng'ombe aliyepona huendelea kuwa navyo.

Slaidi ikiwa haina vimelea na joto bado limezidi nyuzi 40, rudia kesho yake. Ng'ombe akianza kuzunguka na kutetemeka, fikiria ugonjwa wa maji moyo, ambao slaidi hizi hazitauonyesha. Huthibitishwa kwa kipande cha ubongo baada ya mnyama kufa.