Kima cha chini kimepanda, we kimekufikia? Namna ya kupiga hesabu na kudai kibarua kisiote nyasi

Kila ikikaribia Mei Mosi mjadala ni ule ule, kwenye daladala, kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, serikali ipandishe mshahara wa kima cha chini au isipandishe. Mmoja anasema wakipandisha tu na unga unapanda, mwingine anasema maboss watafukuza watu, wa tatu anasema hela ipo ila inaliwa. Mi msimamo wangu nautoa mapema: ipandishe, tena ipandishe kidogo kidogo kila mwaka, sio kukaa miaka kumi alafu inatupa rungu moja. Ila ukweli ni kwamba wengi tunaobishana hatujui hata kiwango chetu wenyewe kwa mujibu wa sheria ni shilingi ngapi, sasa unadai nyongeza ya kitu gani. Kwahiyo tuanzie hapo, alafu ubishi tutaurudia katikati.

Cha kwanza jua uko kwenye jedwali gani. Tanzania Bara hakuna kima cha chini kimoja cha watu wote. Serikalini wana chao, kile alichotangaza Rais Samia Mei Mosi 2025 pale Singida, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, hiyo ni asilimia 35.1. Ukiwa unauza duka Kariakoo au unafunga katoni kiwandani Vingunguti hiyo haikuhusu hata kidogo, usiende kwa bosi wako na klipu ya hotuba ya Mei Mosi, atakucheka na atakuwa na haki. Sekta binafsi inakwenda na Amri ya Mshahara inayotoka kwenye Gazeti la Serikali, na ya sasa ilitangazwa Oktoba 2025, imeanza kazi tarehe 1 Januari 2026.

Hapa ndo watu wengi wanapopigwa chenga. Ile namba iliyozunguka sana, kwamba sekta binafsi imepanda kutoka 275,060 mpaka 358,322 (tangazo lilisema asilimia 33.4, ila ukipiga kwa namba hizo unapata kama 30), ni wastani. WASTANI jamani. Wamechukua sekta zote, benki, migodi, mawasiliano, kilimo, majumbani, wakapata kati yake. Haina maana kila mtu anatakiwa kupata 358,322, na haina maana pia we unayepata zaidi ya hapo bosi wako yuko salama, maana sekta yako inaweza ikawa na kiwango cha juu kuliko huo wastani. Kuona tofauti ilivyo kubwa angalia amri iliyopita, ile ya 2022: taasisi za fedha zilikuwa 592,000, biashara na viwanda 150,000, kilimo 140,000, alafu dada wa kazi anayelala kwa mwajiri 60,000. Amri moja hiyo hiyo. Kwahiyo tafuta amri yenyewe ya sasa, PDF inazunguka mpaka kwenye magrupu, au uliza ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi, shuka mpaka kwenye mstari wa sekta yako na uangalie na vigawanyo vyake, maana hoteli ya kitalii na gesti ya uchochoroni Sinza hawapo mstari mmoja. Na kama kituo chako cha kazi kipo Zanzibar acha kabisa, kule wana sheria yao na viwango vyao.

Ukishapata namba yako usikimbilie kuilinganisha na unachopokea, kwanza hesabu masaa, maana hapo ndo hela nyingi inapopotelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema wiki ni masaa 45 ya kawaida, siku zisizidi 6, na siku moja isizidi masaa 9. Kile kiwango cha mwezi kwenye jedwali ni malipo ya masaa hayo 45, sio ya kufungua duka alfajiri na kufunga usiku. Kupata ya saa unachukua mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 195, ambayo inatokana na 45 mara wiki 4.333 za mwezi.

Tuchukue mfano, natumia ile 150,000 ya zamani ya biashara na viwanda kwa sababu inagawanyika vizuri, we weka ya kwako. 150,000 gawa kwa 195 unapata kama 769 kwa saa. Sasa binti anauza vitenge Kariakoo, anaingia saa 2 asubuhi anatoka saa 1 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi, mapumziko ya kula saa moja (hiyo saa haihesabiwi). Anabaki na masaa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Yaani kuna masaa 15 ya ziada kila wiki, kwa mwezi yanafika 65. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu, kwahiyo 769 inakuwa 1,154 hivi, zidisha kwa 65, unapata karibu 75,000 kamili. Binti anapewa 150,000 na bosi anajisifu anafuata sheria, kumbe alitakiwa ampe 225,000. Na bado hata akimlipa, masaa yenyewe yamepitiliza, maana ovataimu haitakiwi kuzidi masaa 50 ndani ya wiki nne na hapo, 15 mara wiki 4, yapo 60. Mlinzi wa zamu ya masaa 12 siku sita asee piga mwenyewe, mi nikipiga ya walinzi huwa napata hasira. Na kama analinda usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili.

Kuna mchezo mwingine wa kuangalia kwenye salari slipu. Mshahara wa msingi unawekwa mdogo alafu zinajazwa posho, posho ya nauli, posho ya chakula, sijui ya nini, jumla inaonekana nono. Linganisha ule wa msingi na jedwali, sio jumla. Ovataimu nayo inapigwa kwenye wa msingi, kwahiyo ukiwa mdogo na ovataimu inakuwa kiduchu. Kama hupewi slipu kabisa jua hilo ni kosa tayari, sheria inataka upewe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako.

Makato nayo usichanganye. Kima cha chini ni kabla ya makato, kwahiyo ukipokea pungufu haina maana umeibiwa. Tuchukue hiyo 358,322. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 yako ni 35,832, inabaki 322,490, kodi ya PAYE inaanza juu ya 270,000 kwa asilimia 8, hiyo ni 4,199, mkononi unapokea kama 318,291. Upande wa bosi nako kuna hesabu ambayo sisi huwa hatuioni: anaongeza NSSF asilimia 10 ya kwake, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, na akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5. Kichwa kimoja cha 358,322 kinamtoka kama 408,487. Ndo maana utakuta sehemu ina watu 15 wanatoka jasho lakini kwenye karatasi wapo 9, wengine wote ni deiwaka, yaani vibarua wa kutwa.

Na kama NSSF inakatwa kwenye slipu hakikisha inafika. Angalia salio lako, usisubiri mpaka siku umeachishwa.

Sasa ule ubishi wa ipandishwe isipandishwe, ukikutana nao nakupa vitu vya kushika. Anayesema mishahara ikipanda bei zinapanda muulize miaka ambayo haikupanda bei zilifanya nini. Sekta binafsi ilikuwa na amri ya 2010, ikaja ya 2013, alafu kimya mpaka ile ya 2022 iliyoanza kazi Januari 2023. Biashara na viwanda ilitoka 115,000 ikaenda 150,000, ni asilimia 30 kwa karibu miaka kumi, chini ya asilimia 3 kwa mwaka. Mfumuko wa bei kwa takwimu za NBS (ofisi ya takwimu ya serikali) wenyewe kipindi hicho ulikuwa juu ya asilimia 3 kila mwaka, na mpaka 2017 ulikuwa juu ya 5. Maana yake mtu wa kima cha chini alikuwa anapunguziwa mshahara kimya kimya kila mwaka bila barua. Chukua mtu wa Mbagala anaepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme 600 kila moja, siku 26 ni 62,400. Kwenye 150,000 toa hiyo, toa NSSF 15,000, kimebaki nini cha kodi ya chumba, cha kula, cha mtoto shule? Ndo hao wanaoishia kwenye mikopo ya kausha damu, alafu tunawaita hawana nidhamu ya fedha.

Anayesema watu watafukuzwa, huyo msikilize kidogo, hajakosea yote. Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni Buguruni akikaa miaka bila kuongeza alafu aambiwe mwezi ujao theluthi nzima, kweli anaweza akapunguza mtu au akawahamishia kwenye udeiwaka. Ila tatizo hapo ni ule mkupuo. Ingekuwa kila mwaka asilimia tano sita kufuatana na bei, bosi anaiweka kwenye bajeti yake kama anavyoweka kodi ya fremu na umeme. Hilo ndo la kuidai serikali, na njia yake ipo: viwango vinapitia kwenye bodi za mishahara ambako wanakaa wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi, kwahiyo kama chama chako kimelala na hoja yako imelala. Viwandani na madukani kuna TUICO, mahotelini na majumbani kuna CHODAWU, waulizeni viongozi wenu wa tawi walipeleka namba gani na waliipataje.

Halafu kuna sisi wenyewe. Mtu anapiga kelele serikali inatesa wafanyakazi, nyumbani ana dada wa kazi anaamka saa 11 alfajiri analala wa mwisho, anampa 50,000 na hiyo nayo kuna mwezi anaambiwa "subiri mdogo wangu". Kiwango cha 2022 chenyewe kilikuwa 60,000 kwa anayelala kwako na 120,000 kwa anayekuja na kuondoka, na sasa hivi kuna amri mpya juu yake. Kama una dada wa kazi basi we pia ni mwajiri, jedwali linakuhusu.

Umeshapiga hesabu ukaona uko chini, unafanyaje? Usiende moto. Anza kukusanya: mkataba kama upo, slipu, meseji za M-Pesa au Mixx kama analipa kwa simu (simu ikipotea omba taarifa ya miamala), picha za ratiba ya zamu, daftari la kuingia na kutoka, hata daftari lako mwenyewe unaloandika masaa kila siku linasaidia. Kama hujawahi kupewa mkataba wa maandishi usikate tamaa, hapo sheria iko upande wako: mwajiri ndo mwenye wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na mkifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wa kwake.

Kisha ongea, na ikiwezekana msiende mmoja mmoja. "Bosi shikamoo, tumeona amri mpya ya mshahara imeanza Januari, tunaomba kujua sisi tunaingia kwenye kiwango kipi." Basi, hujamtuhumu mtu. Wengine wanarekebisha hapo hapo, kuna ambao kweli hawakujua au mhasibu wao hakuwaambia. Akiwazungusha peleka barua fupi yenye tarehe, baki na nakala. Meseji ya WhatsApp pia ni kitu, piga skrinshoti.

Ikigoma kuna milango miwili. Ofisi ya kazi ya eneo lako, pale yupo afisa kazi mwenye mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua vitabu vya mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza. Uzuri wa huyu ni kwamba ukaguzi unagusa wote, halionekani jina lako peke yako. Mlango wa pili ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu CMA F1, nakala unampelekea mwajiri, mnaanza na usuluhishi ikishindikana unakuja uamuzi. Sio lazima wakili, mtu wa chama chako anaweza kukusimamia.

Ila tarehe shika sana. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tu, migogoro mingine ikiwemo ya malipo siku 60 tangu ulipoanza. Watu wengi Dar wanapoteza haki yao hapa, anazungushwa na bosi "njoo wiki ijayo", "mhasibu amesafiri", akija kushtuka siku zimekwisha, inabidi aanze kuomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine na sababu nzito. Na kama una chini ya miezi 6 kazini kuwa makini zaidi, kinga ya kuachishwa isivyo halali bado haijakukamata vizuri, kwahiyo mlango wa afisa kazi ni bora kwako kuliko kusimama mbele peke yako. Akikupangia "njoo wiki ijayo" mara ya pili, wiki hiyo hiyo nenda kachukue fomu.