Namna ya Kumshukuru Mungu Siku Ambayo Mambo Yamekwenda Kombo

Katika makanisa mengi ya Nairobi, mhubiri akisema "Mungu ni mwema," waumini huitikia "kila wakati" hata kabla hajavuta pumzi. Ni itikio zuri, nami huliitikia kwa moyo. Lakini yeyote aliyewahi kuliitikia huku kodi ya nyumba haijalipwa na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anajua kwamba kutoka mdomoni hadi moyoni kuna safari.

Anza kwa kuelewa vyema unachoagizwa. Katika 1 Wathesalonike 5:18, tafsiri ya Union Version inasema, "Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Neno letu "kwa" hubeba maana zaidi ya moja, na wengi husikia humo "kwa sababu ya kila jambo." Kigiriki alichoandika Paulo, en panti, ni "katika kila jambo." Kwa hiyo aya hii haikudai umshukuru Mungu kwa sababu umeporwa simu ukiingia kwenye matatu, inakuagiza usiache kumshukuru hata jioni ile ile uliyoporwa. Nalishikilia sana jambo hili, kwa maana nimeona Wakristo wakijilazimisha kuuita ubaya wema, kisha wakachoka na kuacha kuomba kabisa.

Ukishalielewa hilo, mwambie Mungu ukweli kwanza. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na mwanzoni mwake Daudi anauliza "hata lini" mara nne, lakini anamaliza kwa kumwimbia BWANA kwa kuwa amemtendea kwa ukarimu. Fuata mpangilio huo huo: lalamika, omba, ndipo ushukuru. Asiyeona vema kuanza na machozi na asome Yohana 11, ambapo Yesu analia katika aya ya 35 akielekea kaburini kwa Lazaro, na katika aya ya 41, machozi hayajakauka bado, anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru."

Kisha taja kitu kwa jina lake. "Asante Bwana kwa yote" ni sala halali, ila moyo uliojeruhiwa huipita bila kuigusa. Mwaka niliopoteza kazi, nilirudi nyumbani Umoja nikiwa na barua ya kusimamishwa ndani ya mkoba, nikapanda ngazi hadi orofa ya nne nikikumbuka kwamba siku ya mgao wa maji ilikuwa imepita nami sikuwepo. Mlangoni nilikuta mitungi yangu miwili ya lita 20 imejaa, vifuniko vimefungwa kwa karatasi za nailoni ili maji yasimwagike. Jirani yangu alikuwa ameipandisha mwenyewe, na mgongo humsumbua. Usiku huo sikuweza kumshukuru Mungu kwa mambo makubwa, wala sikujaribu. Niliandika kwenye daftari: "Maji. Mitungi miwili. Mama wa mlango wa pili." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote, na naamini ilifika.

Nakushauri nawe uweke daftari, hata la kurasa 32 lile la watoto wa shule, uandike tarehe na jambo moja kila siku kabla ya kulala. Usidai mengi. Ukiona wivu kwa shuhuda za wengine, za magari na viwanja, rudi kwenye kurasa zako mwenyewe, usome ulivyolishwa mwezi uliopita. Zaburi 103:2 inatuonya tusizisahau fadhili zake zote, nasi ni wepesi wa kusahau.

Usingoje pia hadi upate saa ya utulivu, kwa kuwa jiji hili halikupi. Ifungamanishe shukrani na kazi unayoifanya tayari: kuchemsha chai alfajiri, kungoja gari lijae, kufunga kibanda jioni.

Shukrani yako ikishapata mizizi, ipeleke pia kwa watu. Mimi nilimwendea jirani yangu siku ya tatu, nikamweleza nilichokuwa nimekiandika. Lakini kwa aliyefiwa au anayemuuguza mtu, usiende na agizo la kushukuru. Nenda na unga na majani ya chai, uketi, ulie naye. Shukrani yake itazaliwa kwa wakati wake, na si kazi yako kuivuta itoke.

Zitakuja siku ambazo hata daftari litabaki tupu. Siku hizo azima maneno. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila moja inamalizika kwa maneno yale yale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Ilitungwa iitikiwe. Mwombe mtu wa nyumbani kwako, au mmoja wa jumuiya, akusomee nusu ya kwanza ya kila aya taratibu, na wewe usiye na la kusema uitikie nusu ya pili, hata kwa kunong'ona, hadi mfike mwisho.